Miezi Mitatu ya Kusi

"Hasina, ulizaa mwanamume au mwanamke?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasikia. Simu ilikuwa ya jirani yake, Zamzam, aliyekuja nayo mbio kutoka nyumba ya pili na kumwekea sikioni, kwa kuwa mikono ya Hasina ilikuwa imejaa unga hadi viwikoni. Alikuwa ameinama juu ya tanuri la udongo akibandika mikate ya mofa, kazi aliyoifanya kila asubuhi hapo mtaani kwao Kisimayu, mwaka wa kumi sasa.

"Nani mwenzangu?" aliuliza.

"Ghalib."

Donge la unga lilimponyoka likaangukia makaa. Ghalib alikuwa mumewe wa kwanza, na Ghalib alikuwa amekufa maji miaka kumi na minane iliyopita.

"Ghalib gani?"

"Ghalib wa Chovai. Niko Mogadishu, kwa kaka yake Zamzam. Nimeshushwa na ndege juzi. Nilikuacha na mimba ya miezi mitano, Hasina. Ulizaa nini?"

Angekuwa tapeli, ile miezi angeijuaje? Na sauti, ingawa ilikuwa imekwaruzika, bado ililivuta jina lake mwishoni vile vile kama zamani.

"Mwanamke," Hasina alijibu. "Anaitwa Rawda."

Kisha akaondoa sikio, na Zamzam akaelewa, akaikata simu. Mikate iliyokuwa tanurini iliungua yote.

Hasina alizaliwa Chovai. Alikuwa na umri wa miaka kumi vita vilipowafikia visiwani, wakapakiwa mashuani, watu kwa masufuria, wakashushwa Mombasa. Kambini alikaa miaka mitano, akajifunza kupanga foleni ya maji na kulala huku viatu vimefungwa kiunoni. Waliporudishwa Chovai nyumba yao haikuwa na paa, na mnazi ulikuwa umeota katikati ya chumba cha mama yake. Baba yake, Mzee Husseini, aliukata mnazi ule siku tatu, kisha akaketi juu ya kisiki chake akacheka mpaka akalia. Hapo ndipo walipoanza upya.

Ghalib alimuoa miaka michache baadaye. Alikuwa mzamiaji wa kamba wale wakubwa wa miambani, kijana wa mzaha mwingi na pesa kidogo. Siku moja yeye na wenzake wanne waliondoka kwenda Yemen kutafuta kazi. Chombo chao kikazama, na maiti tatu zikaokotwa ufukweni kaskazini ya Mogadishu. Ghalib hakuonekana, hai wala maiti.

Hasina alijifungua, akalea, akangoja miaka sita. Wachumba walikuja wakarudi, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kama yeye ni mjane au ni mke wa mtu. Mwishowe Sheikh Abdulqadir, aliyekuwa akihukumu mambo ya watu pale kisiwani, akatoa hukumu yake. Mwaka mmoja baadaye Hasina akaolewa na Shuaibu, fundi wa injini za mashua, mtu mtaratibu asiyependa maneno mengi. Wakahamia Kisimayu, wakazaa wana wawili, Adnani na Faisal. Rawda alikuwa na umri wa miaka saba walipooana, na toka siku ya kwanza alimwita Shuaibu baba.

Mchana ule Hasina alimfuata mumewe karakanani. Shuaibu alikuwa akinawa grisi kwa mafuta ya taa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Zamzam. Kwa hiyo mtaa mzima."

"Basi twende kwa Shekhe kabla Shekhe hajaja kwetu."

Sheikh Ahmed aliwapokea barazani kwake baada ya swala ya alasiri. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Hasina, maana alizungumza kama daktari mwenye habari mbaya. Alisema jambo lote limesimama juu ya neno moja. Kama Sheikh Abdulqadir aliivunja ile ndoa kwa sababu mume hamlishi mkewe, basi ilivunjika, na Ghalib akirudi hana chake. Lakini kama alihukumu kwamba Ghalib amekufa, na kumbe yu hai, hukumu ile haina msingi, na Hasina bado ni mke wa Ghalib.

"Na wanangu?" Hasina aliuliza.

"Wanao ni halali. Mlioana kwa hukumu ya mwanachuoni. Hilo lisikusumbue." Akaweka tasbihi kando. "Sasa nikuulize, binti yangu. Baada ya hukumu ulikaa eda gani? Miezi mitatu ya mwanamke aliyeachwa, au miezi minne na siku kumi ya mjane?"

Baraza zima lilimgeukia. Sheikh Abdulqadir alikuwa ameshakufa. Mzee Husseini, shahidi wa kwanza wa hukumu ile, alikuwa ameshakufa. Shahidi wa pili hakuna aliyejua alikokimbilia. Aliyebaki na jibu duniani alikuwa Hasina peke yake, na alilikumbuka kama anavyokumbuka jina lake: shuka nyeupe, chumba kisicho na marashi, miezi minne na siku kumi.

"Nimesahau," alisema.

Sheikh Ahmed alimtazama muda mrefu. "Marehemu alikuwa akiandika hukumu zake daftarini. Mjane wake yupo Chovai. Lete daftari. Na mpaka lije, ninyi wawili msilale nyumba moja."

Njiani Shuaibu alisimama kwenye kona, akaangalia huku na huku.

"Ulikaa mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Sema hivyo tu, Mama Adnani. Daftari lisipopatikana, nani aliye hai wa kukukanusha?"

Hasina hakuwahi kumsikia Shuaibu akisema uongo, hata wa kumtuliza mteja. Alitamani kumkubalia palepale. Badala yake aliuliza, "Nikiulizwa siku ya kusimama mbele ya Mungu, utanisemea wewe?" Shuaibu aliongoza njia mpaka nyumbani. Alichukua mkeka na nguo mbili, akahamia karakanani. Adnani alipouliza baba anakwenda wapi, aliambiwa kuna injini haitaki kuachwa peke yake.

Mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Upepo wa kaskazi ulikuwa umekwisha kufa na ule wa kusi haujashika, bahari imelala lakini haiaminiki, na kila mwenye mashua aliharakisha safari zake za mwisho za visiwani kabla mambo hayajafungika. Hasina alipata nafasi katika mashua ya injini iliyobeba magunia ya sukari. Watu wa Chovai walimpokea vizuri mno. Hilo nalo lilimwambia kwamba habari imemtangulia.

Bi Mwanalima, mjane wa Sheikh Abdulqadir, alikuwa ameketi ukumbini akipembua mchele. Hakuinuka.

"Umekuja kwa daftari," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Watu wamepita hapa jana wakaniambia nilichome. Wakasema namhurumia nani, wewe au karatasi." Akapuliza makapi, akaendelea kwa lahaja ya kisiwani, inayomwita mtu mchu. "Nikawaambia, mume wangu alikuwa mchu wa haki, na mchu wa haki hachomewi maneno yake. Limo kwenye kasha la chini. Kalichukue mwenyewe. Mimi kusoma sijui, wala usinisomee."

Hasina alifungua kasha. Mchwa walikuwa wamekula pembe za madaftari mawili ya juu, akajikuta anaomba dua ya ajabu, dua ya kutaka mchwa wawe wameendelea. La tatu lilikuwa zima. Aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, akiyasoma yale maandishi ya herufi za Kiarabu polepole kwa kidole, mpaka akalikuta jina la baba yake, na chini yake jina lake. *Nimehukumu kwamba Ghalib amefariki.* Mwandiko ulikuwa safi, hauna hata doa.

Alibaki amepiga magoti pale mpaka mguu mmoja ukafa ganzi.

Siku ya kurudi kusi ilianza kuonyesha meno. Mashua ilikuwa ikiinuka na kujipigiza, abiria wameshikana mabega, maji yanawapiga usoni. Daftari lilikuwa kifuani mwake ndani ya buibui. Lingeanguka, hakuna ambaye angemuuliza. Hata nahodha alikuwa amepoteza kofia na ndoo. Hasina alifikiri: nikilegeza mkono tu. Alifikiria mkeka wa Shuaibu ulivyotandikwa katikati ya vyuma. Walipofika bandarini akalitoa, ndipo akaona alivyolifunga: mfuko wa plastiki ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake kamba mafundo manne. Aliyafunga saa ngapi mafundo yale, hakukumbuka.

Ghalib aliwasili baada ya wiki moja, kwa gari, akafikia kwa binamu yake upande wa pili wa mji. Walikutana barazani kwa Sheikh Ahmed. Hasina alikaa upande wa wanawake pamoja na Zamzam. Shuaibu alikaa karibu na mlango, kama mtu anayetaka kutoka. Rawda hakuja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, anasomea ukunga, na alipoambiwa baba yake mzazi amerudi alisema maneno matatu tu, "Mimi nina baba," akarudi kwenye vitabu vyake.

Ghalib alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi, meno mawili hayapo. Sheikh alimtaka aeleze. Akaeleza. Chombo kilipozama aliokolewa na meli, akafungwa Yemen, akatoroka, akapita nchi ambazo majina yake alikuwa akiyachanganya, mpaka akafika Ulaya. Huko aliomba hifadhi. Walimrekodi anavyozungumza, wakapeleka kanda kwa mtaalamu wao, na jibu likarudi kwamba msemaji huyu si mtu wa visiwani, ni mtu wa Kenya.

"Nikawaambia, mimi nasema *mchu*, Kenya nani asemaye *mchu*? Wakaandika hata hilo." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likazimika. "Miaka kumi na moja wakinizungusha. Mwisho wakakubali kwamba mimi ni Msomali, siku ile ile ya kunirudisha."

"Na hukutafuta watu wako?" Sheikh aliuliza.

"Mwaka wa saba nilipata namba ya mtu wa kisiwa cha Kudhaa. Akaniambia Hasina ameolewa. Nikaweka simu chini. Sikuipiga tena."

Hapo Hasina hakuweza kuvumilia. "Basi sasa umekuja kutafuta nini?"

"Sikuja," Ghalib alisema. "Nimeletwa."

Sheikh Ahmed alifungua daftari, akasoma ukurasa kwa sauti. Shuaibu aliinamisha kichwa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, lakini hakutoka.

"Hukumu imeanguka," Sheikh alisema. "Ghalib, huyu ni mkeo. Unaweza kukaa naye, unaweza kumuacha. Wasemaje?"

Ghalib alitazama sakafu. "Namuachia yeye achague."

"Talaka iko mkononi mwako, haiko mkononi mwake. Usimtwike mzigo wako."

Nje kulikuwa na punda akivuta mkokoteni wa maji, na mwenye punda akimtukana kwa Kisomali. Hasina akasimama, ingawa Zamzam alimvuta nguo.

"Ghalib," alisema, "nilikulilia miezi minne na siku kumi. Kabla ya hapo miaka sita. Haki yako yote kwangu uliipata, hukuwepo tu kuipokea. Sasa niache."

Alisema bila kulia, na baadaye alijilaumu kwa hilo, maana alimuona Ghalib akitafuta machozi usoni mwake na asiyaone.

"Nimekuacha," Ghalib alisema. "Talaka moja."

Shuaibu aliinua kichwa. Lakini Sheikh Ahmed aliinua mkono. Talaka moja ni talaka ya rejea, alieleza. Hasina atakaa eda, na wakati wowote ndani ya eda Ghalib akibadili nia, ana haki ya kumrejea kwa neno lake, na mashahidi wawili wakisikia ndiyo bora. Eda ikiisha ndipo atakapokuwa huru kuolewa na amtakaye.

Kusi ilishika wiki hiyo hiyo, na Hasina akaingia ndani.

Watu husema miezi mitatu si kitu. Hasina aliijua saa kwa saa. Upepo uliingiza mchanga katika unga, mvua zikalibomoa tanuri upande mmoja, akalitengeneza peke yake. Shuaibu alipeleka fedha za matumizi ya wanawe kwa mkono wa Adnani, wala hakupita hata barabara ile. Kila mlango ulipobishwa, Hasina aliganda. Zamzam alimletea habari asizoziomba: Ghalib anapakua mizigo bandarini, Ghalib amegombana na binamu yake, mtu amemwambia Ghalib kwamba ni mjinga, ana mke mwenye kazi na nyumba na yeye analala juu ya magunia. "Naye akajibu nini?" Hasina aliuliza. "Hakujibu," alisema Zamzam, na kutojibu huko kukamkosesha usingizi kuliko tusi.

Ikabaki wiki moja.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi. Hasina alikuwa uani akipasua kuni aliposikia hodi, hodi ya mwanamume. Aliingia ukumbini, akachungulia kwenye tundu la pazia. Ghalib alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani. Na nyuma yake walikuwa wanaume wawili.

Mashahidi wawili. Akashika ukuta. Alitaka kukimbia kwa mlango wa nyuma, lakini kukimbia kungesaidia nini, neno lenyewe halikuhitaji yeye awepo. Alikuwa bado ameshika ukuta pale Rawda alipotoka chumbani na sare yake ya chuo na kwenda kufungua. Hasina alifungua mdomo kumzuia. Mlango ulikuwa umeshafunguka.

"Asalamu alaikum," Rawda alisema.

Ghalib alimtazama, kwanza uso, kisha mikono, kisha uso tena.

"Alaikum salamu," alisema mwishoni. "Wewe ni... hii ndiyo nyumba ya Hasina?"

"Ndiyo." Rawda alisimama sawasawa katikati ya mlango. "Lakini baba hayupo nyumbani. Ukimtaka, nenda karakanani, karibu na bandari, uulize Shuaibu wa injini. Au una ujumbe nimpe?"

Mmoja wa wale wawili alikohoa. Upepo uliinua pembe ya kanzu ya Ghalib, akaishika, akaishikilia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hapana," alisema. "Sina ujumbe. Tumekosea nyumba."

"Si neno, mzee," Rawda alisema. Akafunga mlango taratibu.

Hasina alitoka nyuma ya pazia. Alitaka kusema jambo kwa upole, ajue pa kuanzia, lakini maneno yalimtoka ovyo. "Rawda. Yule mtu. Yule alikuwa—"

"Nilijua," Rawda alisema. "Nina paji lake la uso. Nalitazama kwenye kioo kila siku, nikashindwa kulijua mlangoni?" Alianza kufunga viatu vyake vya chuo, na vidole vikawa havishiki kamba. Hasina akapiga magoti akamfungia, kama alivyomfungia alipokuwa mdogo, na wote wawili wakalia, mmoja juu ya kichwa cha mwenziwe, mpaka Rawda akachelewa somo la kwanza.

Eda iliisha. Hakuna rejea iliyokuja. Jioni ile ile Shuaibu alimtuma Zamzam kuuliza lini, na Hasina, ambaye miezi mitatu hakuomba kitu kingine, alisikia kinywa chake kikijibu, "Mwambie anipe wiki mbili." Zamzam alimwona amechanganyikiwa. Lakini Hasina alizitaka wiki zile. Maisha yake yote alikuwa akichukuliwa, na vita, na mashua, na hukumu za watu wazima waliokaa mbele ya pazia. Safari hii aliamka asubuhi kumi na nne akiwa si mke wa mtu, akaoka mikate yake, akajiuliza swali lile moja kila siku, na kila siku jibu likawa Shuaibu. Ndipo alipokubali. Walifungishwa ndoa baada ya swala ya Ijumaa, bila pilau. Shuaibu alirudi na mkeka wake unanuka mafuta ya taa, na Faisal akauliza kama ile injini imekubali sasa kuachwa peke yake.

Ghalib alihama mji. Alikwenda Kudhaa, akarudia kuzamia kamba na vijana walio nusu ya umri wake. Kusi ilipopungua nguvu na mashua kuanza tena safari za visiwani, Rawda alimjia mama yake uani, mkoba mgongoni.

"Nakwenda Kudhaa siku mbili," alisema. "Baba ameshanipa ruhusa, na amenilipia nauli."

Hasina aliacha kukanda. "Ngoja basi nikufungie mikate."

"La, mama. Usinipe kitu cha kumpelekea. Nakwenda kumtazama tu, na yeye anitazame."

Hasina aliitikia kwa kichwa. Alimsindikiza mpaka mlangoni, mikono imejaa unga, akamtazama akishuka njia ya bandarini bila kugeuka nyuma, akarudi tanurini kabla moto haujapoa.